Imekataa, Lakini Nani Amekataa?

Gari lisipowaka tunasema limekataa. Kuni mbichi zisiposhika moto zimekataa. Na gemu isiposakinika kwenye kompyuta, kijana wa Litein au Mogogosiek, katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, haulizi kimekosekana nini. Anasema imekataa, anafunika kompyuta yake na kumpelekea fundi. Lakini kukataa ni kazi ya mwenye hiari, maana anayekataa angeweza pia kukubali. Tukilitumia neno hilo kwa kifaa tumeshakipa nia, na mwenye nia hulaumiwa, hubembelezwa au huogopwa. Swali ambalo wachungaji, mashehe na wanafalsafa wamelihangaikia tangu zamani, kama baya likitokea lazima liwe na mwenyewe au la, limejibanza hapo ndani ya neno la kila siku. Nashikilia kwamba kuichunguza gemu iliyokataa ni zoezi la haki kabla ya kuwa zoezi la ufundi, kwa kuwa uchunguzi ukifika mwisho tunajua nani anastahili lawama na nani tuliyekuwa tukimwonea.

Chukua kisa cha kawaida kabisa cha saiba. Kijana ana flashi ya GB 64, haina kitu ila picha chache. Anataka kunakili faili ya gemu yenye GB 6 aende kuisakinisha nyumbani, ambako bando la kuipakua ni ghali. Kompyuta inamwambia faili ni kubwa mno. Anatazama tena: nafasi ipo, zaidi ya GB 50. Washukiwa wanajipanga haraka: muuzaji aliyemuuzia flashi feki, rafiki aliyempa faili mbovu, mwenye saiba anayetaka alipie dakika zaidi, au mkosi wake mwenyewe. Kumbe flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio uliokuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, unaoandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Biti 32 hazihesabu kupita 4,294,967,295. Faili ikizidi baiti hizo, nafasi inaweza kuwa tele, ila hakuna tarakimu ya kuiandikia. Ni kama daftari la karani wa kituo cha kununulia majani lenye visanduku viwili tu vya tarakimu: mkulima akileta kilo 105, mizani inazibeba, daftari halina pa kuziandika. Wala kompyuta haikuficha neno. Ujumbe ulisema faili ni kubwa mno kwa mpangilio wa faili wa diski inayopelekewa. Wengi huishia kwenye “kubwa mno”, na nusu ya pili ya sentensi, ambayo ndiyo ushahidi wenyewe, hawaisomi.

Zipo pia kompyuta zinazokataa kwa sababu ni aminifu. Faili iliyobanwa huja na hesabu yake ya uhakiki. Upakuaji ukikatika kwa sababu stima imepotea, hesabu haitalingana na programu itairudisha. Karani wa kituo hufanya vivyo hivyo. Majani yanamwagwa mezani, anayapekua kwa vidole, anachukua majani mawili na chipukizi, yale magumu yanarudi kikapuni. Mkulima anaweza kuondoka akinuna, lakini kukataliwa huko si kuchukiwa.

Hapa atasimama mpinzani makini. Ufundi, atasema, unaeleza jambo limetokeaje, hauelezi kwa nini limenipata mimi. Hoja hiyo ina mizizi katika eneo letu hili la Afrika. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa kusini mwa Sudan ya wakati huo, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kuumiza watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, na kwamba watu walikaa pale kukimbia jua. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile walipokuwa chini yake watu walewale, na hapo uchawi ukajaza pengo. Nakubali kwamba mchwa hawajibu swali hilo. Ninachokataa ni kwamba pengo hilo lazima lijazwe kwa jina la jirani. Katika Injili ya Luka mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, na Yesu akakana kwamba marehemu hao walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakuwapa wasikilizaji mkosaji mwingine badala yao. Aliwarudishia swali wajiulize wenyewe. Kwa kaunti yenye makanisa mengi kama Bomet, somo hilo halina ugeni, ingawa sijui kama tunalikumbuka ng'ombe anapokufa ghafla.

Nyanda hizi za chai zina pengo lake la namna hiyo, nalo ni mvua ya mawe inayochana chai kwa dakika chache na kumwachia mkulima vijiti. Kumtafutia mwenyewe ni rahisi. Lakini mwaka 1982 mtafiti Russell Schnell na mwenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba majani makavu yanayooza chini ya michai ya Kenya yana chembe zinazosaidia maji kuganda kuwa barafu. Huenda wachumaji wenyewe huzitimua hewani wakipita. Kama ni hivyo, sehemu ya sababu ilikuwa chini ya viatu vyao, na hapana aliyeiweka pale kwa ubaya.

Gharama ya kuuliza “nani” kabla ya “nini” inajulikana Kericho kuliko sehemu nyingi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa watu iliowaita malaiboni, yaani viongozi wa kiroho, ikauhamisha ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Watawala waliona wizi wa mifugo na ukaidi dhidi yao, wakaona si lazima wapime ardhi iliyochukuliwa wala kodi iliyodaiwa. Walitaka mwenye kosa, na wakampata kwa jina la ukoo. Watoto walihamishwa pamoja na wazee.

Lipo kosa la upande wa pili, na ndilo linalokua siku hizi: kumficha mtu nyuma ya kifaa. Ukifika dirishani ofisi fulani unaambiwa mfumo umekataa, kana kwamba mfumo uliamka asubuhi ukaamua. Hata kwenye gemu yapo makatazo yenye wenyewe. Duka la gemu la Steam liliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8 tarehe 1 Januari 2024. Kompyuta kuukuu inayogoma kwa sababu hiyo haina ugonjwa. Kuna watu walikaa, wakapiga hesabu, wakaamua. Mwezi wa Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuma chai wakisema zimewanyang'anya kazi. Uchungu wao naufahamu, maana kazi zilipotea kweli. Ila mashine haikuhudhuria kikao chochote. Moto uliteketeza kitu ambacho hakikuamua, na walioamua hawakuungua hata karatasi. Uchunguzi mwaminifu unamwachilia asiye na hatia, na pia unamtoa mafichoni mwenye kujibu.

Waumini wengine huona kutafuta sababu namna hii ni kumnyima Mungu nafasi. Jibu langu kwao liko Bomet kwenyewe. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ina kaulimbiu isemayo kwamba wao wanatibu, Yesu ndiye anayeponya. Mtu mwenye haraka atasikia humo ujanja wa kukwepa lawama. Mimi nasikia mgawanyo wa kazi. Daktari anayeamini uponyaji unatoka juu hapumziki kupima damu, na wala hasemi mguu umekataa kupona kabla ya kuupiga picha. Imani yake haimruhusu uvivu.

Pingamizi lililobaki ndilo gumu zaidi, kwamba maisha si kompyuta. Kwenye kompyuta unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, unakirudisha kilivyokuwa, unabadilisha kingine. Ndoa hairudishwi ilivyokuwa jana ili ijaribiwe upya, na shamba lililopigwa na mawe halina nakala. Ni kweli tupu. Ndiyo maana naona afadhali tujifunze njia hiyo pale ambapo kosa linagharimu bando na usiku mmoja tu: kusoma ujumbe mpaka mwisho, kushuku jambo moja kwa wakati mmoja, na kuiacha dhana ushahidi ukiikanusha. Hilo la mwisho ndilo zito. Kijana aliyemwita muuzaji wa flashi mwizi, kisha akagundua ni FAT32, anadaiwa radhi, hata kama tusi lenyewe lilibaki moyoni.

Na mwenye faili hiyo ya GB 6 afomati flashi yake kwa mpangilio wa exFAT, itaingia. Anakili kwanza picha zilizomo mahali pengine, kwa sababu kufomati hufuta kila kitu.