Je, Kuna Haki ya Kungoja?



Mume au mke akiambiwa kliniki kwamba ana virusi vya Ukimwi, na huku mwili wake una nguvu, huweza kusema: "Siumwi popote. Mwili ni wangu. Dawa nitaanza siku nitakapougua." Je, ana haki hiyo?

Zamani hata madaktari walingoja. Walipima kinga ya mwili, yaani CD4, na dawa zikatolewa ikishuka. Lakini mwaka 2015 utafiti uliofanywa katika nchi nyingi ulionyesha kwamba anayeanza mapema huugua kidogo kuliko anayengoja. Mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani likashauri kila mwenye virusi aanze dawa, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Leo wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake. Wachache, kama wenye homa ya uti wa mgongo, daktari ndiye huwaambia wangoje kwanza.

Lakini kwa mtu wa ndoa, mwili si wake peke yake. Mwaka 2011 utafiti mwingine, uliowahusu pia wanandoa wa Kisumu, ulionyesha kwamba dawa zikianzwa mapema hupunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Sasa inajulikana kwamba anayemeza dawa kila siku, hadi virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kitandani. Basi anayengoja anamwekea mwenzake hatari bila kumwuliza. Hiyo si haki, ni deni.

Mtasema, "Nikimeza, ataona, na ataniita mzinzi." Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya wengine wafiche kidonge ndani ya pipa la unga, kisha waache kumeza mwenzao akiwa nyumbani. Virusi hupenda nafasi kama hizo, navyo huweza kuizoea dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wewe unayeambiwa habari hiyo, jua kwamba kidonge hakisemi virusi vilitoka wapi. Vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, hata tangu kabla ya arusi. Ukianza kwa kutafuta mkosaji, utamfundisha mwenzako kuficha. Ukianza kwa kuuliza, "Saa ya dawa ni saa ngapi?" utakuwa umeokoa watu wawili.

Ukiogopa kupigwa au kufukuzwa, usiseme ukiwa peke yako. Mwombe muuguzi awaite nyote wawili. Mwenzako naye apimwe, na hadi virusi vififie, shikeni mashauri ya kliniki kuhusu kujikinga.

Mliahidiana kutunzana katika afya na ugonjwa. Ahadi hiyo haikungoja mtu alale kitandani. Ilianza siku ile ile.