Nasaha Si Fedheha

Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waislamu waamrishane mema na wakatazane maovu, na hapana Mwislamu awezaye kulikanusha hilo. Walakini wako watu katika miji yetu ya pwani waliolishika agizo hili tukufu wakalifanya pazia la jambo jingine kabisa, nalo ni kutangaza aibu za watu. Msichana aonekana ufukweni na asiye maharimu wake, au mtu atoka mahali pa ulevi akiyumba. Mwenye simu humpiga picha, akaituma kwa wenziwe, nao wakaituma kwa wengine, na kabla ya adhana ya Isha mji mzima umekwisha kuiona. Aulizwapo, hujibu: "Nakataza maovu."

Nasi twauliza: amemkataza nani? Aliyekosa hakuambiwa neno. Walioambiwa ni mamia ya watu wasiohusika, na wengi wao hawakuipokea habari ile kwa kusikitika, bali kwa kicheko.

Tabia yenyewe si ngeni kwetu. Zamani hapa Mombasa vikundi vya lelemama vilikuwa vikishindana, na nyimbo zao zilitumika kumwaibisha mtu mbele ya watu. Lakini wimbo ulisikiwa na wa mji ule, na siku zikipita ulisahauliwa. Picha ya simu haina mji wala haina siku. Mwenye kukosa aweza kutubu leo, Mola wake akampokea, akaoa na kuzaa; na picha ile ingali yazunguka, ikingoja kumfikia mwanawe.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili bila hukumu. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, zimekatazwa pamoja dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji, na msengenyaji akafananishwa na mwenye kula nyama ya nduguye aliyekufa. Katika Suratun-Nur, aya ya 4, mwenye kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Na aya ya 19 ya sura hiyo hiyo imewaonya kwa adhabu iumizayo, duniani na Akhera, wale wapendao uchafu uenee baina ya Waumini. Hata Hazzal, aliyemhimiza Maiz aende kwa Mtume (s.a.w.) kuungama zinaa, aliambiwa kwamba kumsitiri kwa nguo yake kungalikuwa kheri zaidi kwake.

Huenda mtu akasema: "Mbona aya ya 2 ya Suratun-Nur imetaka adhabu ya mzinifu ishuhudiwe na kundi la Waumini?" Jawabu ni kwamba hiyo ni hukumu ya kadhi baada ya kuthibitika kosa, si hukumu ya mpita njia. Tena hata baada ya hukumu, Sahaba mmoja alipomlaani mtu aliyekwisha kupigwa mara nyingi kwa ulevi, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Ikiwa aliyehukumiwa alilindwa hivyo, vipi asiyehukumiwa?

Hata hivyo, hatutaki kufahamika vibaya. Sitara haikuwekwa kuwa ngome ya dhalimu. Imamu An-Nawawi amehesabu mahali 6 ambapo yafaa kumtaja mtu kwa ubaya wake, na miongoni mwao ni aliyedhulumiwa kumshitaki dhalimu wake kwa mwenye uwezo, na kuwatahadharisha Waislamu na madhara, kama mtu atakaposhauriwa juu ya mchumba.

Na hapa ndipo twaona watu wetu wameigeuza mizani juu chini. Msichana wa ufukweni, ambaye dhambi yake ni baina yake na Mola wake, atangazwa kila nyumba. Lakini amu aliyekula mirathi ya mayatima aketi safu ya mbele, na watu wanyamaza "kwa sitara." Mwenye kumchezea mtoto asuluhishwa na wazee faraghani, na mama wa mtoto aambiwa asivunje heshima ya ukoo. Hiyo si sitara, ni kumsaidia mwovu. Mirathi ina Mahakama ya Kadhi. Na aliyemdhuru mtoto ni wa kushitakiwa polisi, siku ile ile.

Basi mizani ya sawa ni hii. Dhambi ya mtu isiyomdhuru mwingine, mwendee peke yake, umnasihi kwa upole, kisha ufunge mdomo wako. Dhuluma ipasayo kuondolewa, ipeleke kwa awezaye kuiondoa, wala usimche mtu. Na utakapoinua simu yako kutuma aibu ya nduguyo, jiulize kwanza: lau ningalikatazwa kuituma picha hii, ningalikwenda kumnasihi? Ikiwa la, basi jua kwamba hukutaka kukataza maovu.

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera. Amin.