Chumba cha Mama wa Shunemu

Somo: 2 Wafalme 4:8–10, Luka 10:38–42

Tukifika kwa habari ya mama wa Shunemu huwa tunaruka haraka hadi kwa mtoto wake aliyefufuliwa. Wiki hii hebu tubaki kwenye kile chumba kidogo cha juu alichomtayarishia nabii Elisha. Angalieni vitu alivyoweka ndani: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Basi. Na huyu hakuwa maskini, kwa hivyo si eti pesa zilimwishia. Alifikiria mgeni wake anahitaji nini, akaishia hapo.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na mimi nikisoma habari hiyo naona meneja. Aliona huyu mtu anapita hapa mara kwa mara, akaona pengo, akazungumza na mwenzake, akatenga nafasi. Hata lile neno la Kiingereza la uchumi asili yake ni Kigiriki, oikonomia, yaani usimamizi wa nyumba. Sasa dada yangu, mbona nikikuuliza unafanya kazi gani unaniambia, "Mimi, Pasta, nakaa tu nyumbani"? Kukaa! Nani amekaa? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali ya familia. Mwaka 2021 Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu ya Nakuru aliamua kesi ya wanandoa akasema wazi kwamba kutunza nyumba na watoto ni kazi kamili. Kama mahakama imeona, kanisa lisijifanye halioni.

Lakini nyumba inapangwa kwa ajili ya nani? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Sisi wa Eldoret tuna mgeni wetu wa aina yake. Hospitali ya Rufaa ya Moi inapokea wagonjwa wa upande huu wote wa nchi, kuanzia Turkana na Pokot Magharibi hadi Bungoma na Kakamega. Mtu ana kliniki Jumanne saa mbili asubuhi, na hawezi kutoka Lodwar asubuhi hiyo hiyo akafika. Kwa hivyo Jumapili jioni simu inalia: "Mama nanii, nimepewa tarehe. Naweza kulala kwako?" Huyo ndiye Elisha wetu.

Katika ziara zetu za nyumbani, Langas na Kapsoya, nimesikia zaidi ya mama mmoja akisema kwamba simu kama hiyo alijibu yuko safari, kumbe yuko ndani. Kwa nini? Makochi yamepasuka. Vitambaa havijafuliwa. Hakuna nyama. Niwaulize kwa upole: huyo mgonjwa alilala wapi?

Sisemi tukae na uchafu, msinielewe vibaya. Msimu wa mvua matope ya Langas mnayajua, na gumbuti zibaki mlangoni. Mtu mwenye kidonda kibichi anahitaji choo safi kuliko mtu mwingine yeyote. Dawa zake na kadi yake ya kliniki zinahitaji mahali pamoja, juu, ambapo mtoto hafiki na asubuhi hakuna kutafutana. Huo ndio mpangilio. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa Lodwar akija Julai anatetemeka mchana. Mpe blanketi la pili, maji moto kwenye beseni na chai. Kuhusu kitambaa cha kochi, sijaona mgonjwa akikiulizia.

Na akikaa wiki? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hudhani ni kumfukuza. Mimi naona ni kumfanya mtu wa nyumbani. Kama ana nguvu, anaweza kukata sukuma akiwa ameketi, na moyo wake utafurahi kwamba si mzigo.

Sasa Martha. Kwa maoni yangu mahubiri mengi yamemwonea. Bwana hakumwambia azime jiko. Alimwambia kwamba anahangaikia vitu vingi. Na mkifungua Yohana 12, Bethania hiyo hiyo, Martha bado anahudumu mezani, na hakuna anayemkemea. Lakini sikieni alicholalamikia: ameachwa peke yake. Hilo lilalamikiwa mbele za Yesu mwenyewe, na katika nyumba zetu linalalamikiwa kila jioni, kimya kimya, juu ya karai la vyombo.

Ndugu zangu wanaume, nawageukia ninyi. Utafiti wa serikali wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kuwa mwanamke Kenya anatumia karibu masaa manne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani zisizolipwa. Sisi hatufikishi hata saa moja. Mama wa Shunemu hakumwambia mumewe "nitajenga", alimwambia wajenge pamoja. Wewe mgeni wa upande wako akija, unaketi naye sebuleni mnaongea siasa, halafu unaita, "Mama, chai!" Chupa ya chai iko hatua sita kutoka ulipo. Inuka. Alfajiri mpeleke mgeni steji wewe mwenyewe, mama apate nafasi ya kuomba.

Ibada ya pili ikiisha, mashemasi watakuwa mlangoni na daftari. Kama una kitanda, ama hata godoro la ziada, andika mtaa wako na siku unazoweza kulaza mgeni wa kliniki. Waliooana waandike majina yote mawili.