Kabla Hujakemea, Mpe Chakula

Somo: 1 Wafalme 19:3-12, Marko 5:35-43

Neno la leo lilianzia sebuleni kwangu. Nilisita kulileta hapa, kwa sababu ndani yake mimi si shujaa. Mama Mchungaji ndiye aliyeniambia, "Wahubirie hivyo hivyo. Hatuko peke yetu." Basi nisikilizeni.

Jumapili moja, baada ya ibada mbili na kikao cha wazee, tulifika nyumbani karibu saa mbili usiku. Kijana wetu wa miaka minane alikuwa nasi tangu alfajiri. Siku nzima alikula alichopewa na watu wanaompenda: mandazi, soda, krispi, peremende za mfukoni. Tulipofika akawasha televisheni. Nilipoizima alilia, akarusha kiatu, picha ya harusi yetu ikaanguka chini. Mimi nami nilikuwa nimechoka kabisa, na mhubiri aliyechoka anaweza kulitumia vibaya neno la kiroho. Nilimshika kichwa nikaanza kukemea pepo wa ukaidi. Tena kwa sauti ya krusedi! Majirani wa ghorofa ya chini walisikia.

Mama yangu alikuwa ametutembelea kutoka mashambani. Ameokoka miaka mingi kabla yangu, na hajawahi kunikatiza nikiomba. Siku hiyo alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, huyu mtoto amekula nini leo?"

Nikanyamaza. Kusema kweli, sikujua.

"Huyo hana pepo. Ana njaa na usingizi. Mwachilie."

Alipasha githeri iliyobaki Jumamosi, akakatia avokado juu yake, akamketisha mtoto kwenye kigoda karibu naye. Hakumhoji. Mtoto alikula huku bado ana kwikwi, kisha akaegemea goti la nyanya yake. Kabla ya saa tatu alikuwa amelala fofofo.

Ningeishia hapo mngecheka tukaenda nyumbani. Lakini asubuhi, nikimfunga kamba za viatu na basi la shule linapiga honi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, lile pepo bado liko?"

Wapendwa, neno hilo liliniingia kama kisu. Nilikuwa nimemwambia mtoto wa miaka minane, kwa kinywa cha baba na cha mchungaji, kwamba ndani yake kuna kitu kibaya. Naye alilala nacho, akaamka nacho. Nilipiga magoti pale mlangoni nikamwambia, "Hakuna pepo. Baba alikosea. Wewe ulikuwa na njaa, na baba alikuwa amechoka. Nisamehe." Basi la shule likaondoka. Tulitembea naye hadi shuleni, mkono kwa mkono.

Usiku huo nilifungua habari za Eliya.

Mungu alianza na tumbo

Mnaijua hadithi. Eliya ametoka Mlima Karmeli, moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika. Halafu Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na shujaa anakimbia. Anafika jangwani, anaketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu aichukue roho yake. Mtu akisema maneno hayo katika kanisa letu, si tungemzunguka watu kumi tukimkemea?

Sasa angalia Mungu alifanya nini. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, akamweleza kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kwake. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu. Na ni huko Horebu ndiko Mungu alimwuliza anafanya nini. Usingizi kwanza, chakula, usingizi tena, chakula tena, ndipo maswali. Sisi wazazi huanza na maswali.

Tazama pia Marko 5. Yesu anamfufua binti ya Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili. Watu wamepigwa na butwaa. Bwana anawaagiza jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka: mtoto apewe chakula. Aliyeshinda kifo angeshindwa kulijaza tumbo la mtoto? Muujiza aliufanya yeye. Chakula aliwaachia wazazi. Kazi hiyo bado ni yetu.

Kwanza, sahani

Usiniambie, "Mchungaji, chakula bora ni cha matajiri." Nenda kwa mama mboga wa mtaani kwako. Sahani ya mtoto iwe na vitu vitatu. Cha kutia nguvu: ugali, viazi vitamu, nduma, wali. Cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, yai, au omena, ambayo mtoto huila pamoja na mifupa yake midogo, na humo ndimo mna kalsiamu. Cha kulinda mwili: sukuma wiki, managu, terere, kunde, na tunda la msimu. Githeri yenye mboga ndani na ndizi pembeni tayari imekamilisha yote matatu.

Chai usiiweke mezani pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Wape maji, na kipande cha chungwa, kwa sababu chungwa husaidia chuma kuingia mwilini. Chai inaweza kungoja.

Na soda? Chupa ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya chai vya sukari. Wacha niseme ukweli hapa: watu husema sukari humpandisha mtoto wazimu, lakini wataalamu waliolipima jambo hilo hawakuliona. Kosa la soda ni lingine. Inalijaza tumbo dogo, chakula chenyewe kinakosa nafasi, na meno yanaoza. Kijana wangu alikuwa amekunywa na kutafuna mchana kutwa, na bado hakuwa amekula.

Pili, utulivu

Eliya alilala mara mbili kabla ya kuulizwa na Mungu. Watoto wetu huamka giza likiwepo wapate basi, halafu usiku tunawakalisha mbele ya televisheni hadi saa nne. Tukiambiwa ni wakali, tunashangaa.

Nyumbani kwetu sasa, saa moja kabla ya kulala, simu zote zinaingia kwenye sufuria na kifuniko kinawekwa. Yangu pia. Mwanzoni ilikuwa vita, na mpiganaji mkuu nilikuwa mimi. Kisha tunafanya kazi ndogo za mikono: kuchambua mboga za kesho, kuchagua mawe kwenye maharagwe, kumwagilia sukuma tulizopanda kwenye gunia pale nje. Mikono ikishughulika, mdomo hufunguka. Ni wakati wa kuchagua maharagwe ndipo binti yetu alitueleza kwamba kuna mwenzake shuleni anayemnyang'anya chakula. Juma zima tulikuwa tukimwuliza shule ilikuwaje, na jibu lilikuwa "sawa."

Mtoto akiwa amepanda hasira, mama yangu alitufundisha hivi: mwambie ashike kikombe cha uji wa moto, hata kama ni cha kuwaziwa tu. Avute harufu yake polepole kwa pua. Kisha aupoze kwa kupuliza taratibu kwa mdomo, pumzi ndefu, usimwagike. Mara tano. Fanya pamoja naye, maana wewe pia unahitaji. Halafu kila mmoja ataje jambo moja la shukrani, tuimbe pambio moja kwa sauti ya chini, tuombe kwa ufupi. Maombi ya kulala si kesha.

Tatu, sauti yako

Kule Horebu kulipita upepo mkali, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu. Baba, wewe unaingia nyumbani na ipi? Mama, umesimama kazini tangu asubuhi, matatu imekukwamisha saa mbili barabarani, unafungua mlango na tetemeko. Nakuelewa. Lakini kaa kwanza pale ngazini dakika mbili, upumue, ndipo uingie. Paulo anawaonya akina baba wa Efeso wasiwachokoze watoto wao wakaingia hasira. Mtoto hawezi kutulia kuliko mtu mzima aliyemshika.

Msinielewe vibaya. Naamini katika maombi ya ukombozi na nitaendelea kuwawekea watu mikono. Tena kuna mtoto ambaye githeri haitamtosha. Akikosa usingizi majuma kwa majuma, akipungua uzito, akijitenga na kila mtu, mpeleke hospitali, na uombe ukiwa njiani. Lakini usimpe mtoto jina la pepo kwa sababu wewe umechoka. Neno la mzazi halisahauliki upesi. Kijana wangu amenisamehe. Mimi bado namchunguza uso kila nikimwombea.

Siku kumi

Danieli na wenzake watatu waliomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji. Mimi nawaomba siku kumi pia, kuanzia kesho: mlo wa jioni mezani pamoja, hata kama meza ni mkeka, maji badala ya soda, simu ndani ya sufuria, na neno moja tamu kwa kila mtoto kabla hajalala. Nasi kanisani tunaanza Jumapili ijayo. Nimeongea na akina mama wa jikoni: watoto wa Sunday school watapata uji wa wimbi na ndizi baada ya darasa. Mpendwa unayependa kuwanunulia watoto soda, tuletee mkungu wa ndizi. Utabarikiwa vilevile.

Tuombe

Baba, ulimlisha Eliya kabla ya kumwuliza neno. Tufundishe kufanya hivyo na watoto uliotupa. Samehe maneno tuliyowatamkia tukiwa tumechoka, na uyang'oe mioyoni mwao. Bariki sufuria zetu, hata zilizo na kidogo. Nyumba zetu ziwe na sauti yako ya utulivu. Katika jina la Yesu, Amina.