Amri ya Nane na Jirani Aliyetoka Ng'ambo

Masomo: 1 Wafalme 21:1–19, Mambo ya Walawi 19:33–34



Habari ya shamba la mizabibu la Nabothi mwaijua. Mfalme Ahabu alilitamani, naye Nabothi akakataa kulitoa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akaagiza watafutwe watu wawili wa kumshuhudia Nabothi uongo. Mashahidi wakasema, wazee wa mji wakakubali, Nabothi akatolewa nje akapigwa mawe, na shamba likapata bwana mwingine. Angalieni, yote yalitendeka kwa utaratibu: waraka ulikuwapo, muhuri ulikuwapo, baraza lilikutana, na mashahidi walitimia wawili kama torati itakavyo. Kilichokosekana ni kweli tu.

Twaikumbuka habari hii kwa sababu ya neno lisumbualo mioyo ya wengi hapa Kagera, yaani wageni wakaao nchini bila kibali, na swali lifuatalo: nani ni Mtanzania? Mwaka 2013, mwezi wa Julai, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wageni wa namna hiyo muda wa majuma mawili waondoke. Mwezi wa Septemba ikaanza operesheni iliyoitwa Kimbunga. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Miongoni mwao walikuwamo waliosema wamekaa hapa miongo mingi, wameoa na kuzaa hapa. Nyumba nyingine zilikatika vipande viwili, mume ng'ambo ya mto, mke huku na watoto. Siku kama zile zaweza kurudi. Basi na tujiulize mapema Mkristo yampasa nini.

Kwanza, tusiidharau sheria. Serikali ina haki ya kujua ni nani aingiaye nchini, nasi twafundishwa katika Warumi 13 kuitii mamlaka. Sheria ya Uraia na Sheria ya Uhamiaji, zote mbili za mwaka 1995, si maneno ya bure. Tena, tusisahau ya kuwa majambazi wenye bunduki waliwatesa watu wa mkoa huu barabarani, hata mabasi yakasindikizwa na askari. Amwitaye kila askari wa mpaka kuwa adui wa mgeni hasemi haki.

Pili, tuishike Amri ya Nane. Siku zile za Kimbunga alitujia mama mmoja mzee, Mhangaza, akitetemeka. Jirani yake alikuwa amemshtaki kuwa ni Mrundi. Kweli Kihangaza na Kirundi zakaribiana sana, na asiyezijua hawezi kuzitenganisha. Lakini jirani yule alizijua vema. Alijua pia ya kuwa kati ya migomba yake na migomba ya mama huyo palikuwa na ugomvi wa mpaka wa miaka mingi. Tukafungua kitabu cha ubatizo, tukaliona jina la mama, na majina ya baba yake na mama yake, waliobatizwa katika usharika uo huo. Tukaandika tulichokiona, mama akabaki kwake. Lakini tuliporudi nyumbani hatukupata usingizi, kwa maana yule mshtaki alikuwa mshiriki wa Meza ya Bwana, na Jumapili iliyopita tulikuwa tumempa mkate kwa mkono wetu.

Ndugu, hakuna aliyemwagiza aseme uongo. Sheria haikumtamani mama yule shamba lake. Aliyelitamani ni jirani. Mfalme atafutapo wahalifu, Yezebeli hupata nafasi ya kutafuta mashamba. Ukijua jambo la hakika, nawe ukaulizwa, sema lile ulijualo. Lakini chunguza kwanza moyo wako: je, baada ya huyu kuondoka, ni nani atakayevuna kahawa yake? Ikiwa jibu ni wewe, ogopa.

Tatu, neno hili ni kwenu hasa, walimu. Amri ya Nane hukata pande mbili. Katika mwaka uo huo alitujia mtu mwingine, mwema, mchapa kazi, aliyesaidia kujenga nyumba ya mwalimu. Aliomba tuandike ya kuwa alizaliwa hapa. Nasi tulijua ya kuwa alikuja akiwa mtu mzima, akitafuta kibarua cha kupalilia kahawa. Tulimpenda, lakini hatukuandika uongo. Tuliandika kwamba amekaa nasi miaka mingi, ameoa hapa, wala hatujasikia baya juu yake. Tukaenda naye sisi wenyewe mbele ya afisa. Barua haikutosha, akaambiwa aondoke. Mkewe na watoto walibaki. Jambo hilo latuuma hata leo, na wako waliosema tulikuwa na moyo mgumu. Twajibu hivi: kama muhuri wa usharika ungalijulikana kuwa husema uongo kwa ajili ya rafiki, yule mama mzee angaliokolewa na nini?

Lakini kusema kweli hakukuwa mwisho wa kazi. Mtu mmoja alianza kung'oa miti ya mpaka katika shamba la yule aliyeondoka. Wazee wa usharika wakaenda, wakaipanda tena, na vijana wakampalilia mkewe shamba kwa zamu. Hicho ndicho cheti tulichoweza kumpa.

Nne, nani ni Mtanzania? Hatumjui kwa pua wala kwa matamshi. Mpaka wetu wa kaskazini, magharibi ya ziwa, ulikubaliwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, wakifuata digrii moja kusini ya ikweta. Ule mstari haukuuliza nani asema lugha gani. Taifa letu lina makabila zaidi ya 120, wala hakuna moja lililo mwenye nyumba na mengine wapangaji. Tena waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kiasi cha watu 162,000 kati yao walikubaliwa kuwa raia, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Hao ni Watanzania kama sisi. Awaitaye wageni kwa dharau ashuhudia uongo, hata kama hasemi mbele ya afisa.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wa hao twaowasema walilishika jembe hilo miaka mingi, nasi tulikula mavuno ya mikono yao. Bwana aliwaagiza Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, akawapa sababu: nao walikuwa wageni Misri. Sisi nasi, kwa neno la Waefeso 2, tulikuwa nje ya agano, tukaingizwa nyumbani mwa Mungu bila kustahili. Majina yetu yaliandikwa kwa neema.

Ahabu alishuka kwenda kulimiliki shamba. Humo, kati ya mizabibu, akamkuta Eliya. Asidhani mtu ya kuwa shamba lililopatikana kwa ushahidi wa uongo halina wa kulizuru.

Bwana atupe midomo ya kweli, na mikono ya kupalilia shamba la jirani asiyekuwapo. Amina.