Mpango wa Safari na Mapenzi ya Mungu: Kutoka Tukuyu Kulizunguka Ziwa Nyasa

Swali la iwapo mtu anayeipanga kesho yake kwa makini anatumia akili aliyopewa au anajitwalia mamlaka ya Mungu ni la zamani, kwani Waraka wa Yakobo unawaonya wafanyabiashara wanaotaja mji watakaokwenda na faida watakayopata bila kutaja mapenzi ya Mungu, na mafundisho ya Kiislamu yanasisitiza tawakali, yaani kumtegemea Mungu katika jambo ambalo mja amekwisha kulitimizia wajibu wake. Swali hilo humkabili pia yule anayekusudia kuanza safari Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ili alizunguke Ziwa Nyasa kwa gari na kujionea uzuri wake.

Mpango wa safari hiyo ukichunguzwa, huonekana umejengwa juu ya mambo ambayo msafiri hakuyaweka yeye. Huchagua kipupwe, yaani majira ya baridi na ukavu ya Juni hadi Agosti, kwa sababu Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini Tanzania. Hufungasha sweta pamoja na nguo nyepesi, kwa kuwa kutoka mashamba ya chai na migomba ya Tukuyu hadi mpunga na kakao ya Kyela barabara hushuka takribani mita 1,000. Kupanga kwa namna hiyo ni kuusoma utaratibu wa uumbaji na kuutii, ilhali anayeondoka bila maandalizi kwa kisingizio cha imani huwa amezipuuza ishara alizowekewa.

Hata hivyo, utaratibu huohuo una mahali unapokataa. Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, Milima ya Livingstone inazama majini kwa mteremko mkali, na hakuna barabara inayoufuata ufuo wote wa mashariki, hivyo anayetaka kufika Mbamba Bay, iliyo kwenye ufuo huo, hulazimika kuzunguka kupitia Njombe, Songea na Mbinga. Upande wa magharibi, baada ya kuvuka mpaka wa Kasumulu na kupita Karonga nchini Malawi, njia kuu huliacha ziwa na kupanda hadi Mzuzu kabla ya kuteremka tena Nkhata Bay. Safari iliyokusudiwa kulifuata ziwa hutumia sehemu kubwa ya muda wake mbali nalo, na msafiri hujifunza kwamba kusudi lake halikuiumba nchi.

Mpango una kikomo kingine kilicho kizito zaidi, nacho ni watu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mikono na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema; kwao ziwa ni njia na riziki. Mgeni aliyeijaza kila saa ya ratiba yake huwapita kama sehemu ya mandhari, naye hutenda kosa la kimaadili hata kama hakukusudia ubaya wowote, kwa sababu amemwona kiumbe mwenye utu kuwa kitu cha kutazamwa.

Kwa hiyo, lawama haiuangukii mpango kwa sababu ya wingi wa maelezo yake; huuangukia pale usipoacha nafasi ya kusahihishwa na mvua, na milima, na mwenyeji mwenye neno la kusema. Maandalizi ya bidii na utayari wa kubadilishiwa njia ni ibada moja, na anayeitenga sehemu mojawapo huwa ameipoteza na ya pili.