Uzuri wa Riwaya na Neno la Msomaji Mwingine

Msomaji anayemaliza riwaya na kumwambia mwenzake aitafute aisome husema mambo mawili kwa mpigo. Kwanza hutoa habari: amekisoma kitabu na kimemgusa. Pili hutoa hukumu: kitabu ni kizuri, na mwenzake akikisoma ataona hivyo hivyo. Habari haina mgogoro, maana kila mtu ni shahidi wa nafsi yake. Hukumu ndiyo inayozua swali la kifalsafa. Msomaji mmoja ana haki gani ya kutarajia kwamba mwingine ataona uzuri ule ule? Na anayeambiwa, je, anaweza kuipokea hukumu hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza?

Swali hili lina umri mkubwa. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, kijana mwenye jina hilo ametoka kumsikiliza mwandishi Lysias akisoma hotuba yake kuhusu mapenzi, na furaha imemjaa. Anakutana na Sokrates na kutaka kumsimulia hotuba hiyo kwa kifupi. Sokrates anagundua kwamba kijana ameficha andiko lenyewe chini ya vazi lake, naye anakataa muhtasari; anataka kusomewa neno kwa neno. Wanatoka nje ya kuta za Athene, wanaketi kwenye kivuli cha mti kando ya mto Ilissos, na andiko linasomwa lote. Mwisho wa kusoma hawakubaliani. Phaedrus bado amevutiwa. Sokrates anaona mwandishi amerudia jambo moja mara mbili tatu. Baadaye Sokrates anaeleza udhaifu wa maandishi yote: yakiulizwa hayajibu, na yakishambuliwa hayawezi kujitetea. Hata hivyo, kilichotokea chini ya mti ule kinaonyesha upande wa pili. Andiko lisiloweza kujibu lilipata majibu pale wawili walipolisoma pamoja na kutofautiana juu yake.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilikabili suala hili mwaka 1757 katika insha yake kuhusu kipimo cha uonjaji. Alikubali kwamba uzuri hupokewa kwa hisia, lakini akakataa kwamba hisia zote zina uzito sawa. Kuthibitisha hilo alitumia kisa kutoka Don Quixote, riwaya ya Cervantes. Ndugu wawili wa Sancho Panza waliombwa waonje divai ya pipa moja. Mmoja alisema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Mwingine naye aliisifu, ila akadai ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, ndani yake, chini kabisa, ulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Kwa Hume, mwamuzi anayefaa kusikilizwa ni yule mwenye akili timamu na hisia zinazonasa mambo madogo, aliyejizoeza, aliyelinganisha kazi nyingi, na aliyeweka chuki na upendeleo kando. Hata baina ya waamuzi wa namna hiyo, Hume aliona tofauti mbili zisizokwisha: tabia ya mtu binafsi, na desturi za zama na nchi yake. Alitoa mfano wa umri: mtu wa miaka 20 huenda akampenda zaidi Ovid, wa miaka 40 akampenda Horace, na wa miaka 50 akamchagua Tacitus.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliliweka suala kwa ukali zaidi. Anayesema divai ya Visiwa vya Kanari inampendeza anajisemea mwenyewe, na hakuna wa kumpinga. Anayesema kitu ni kizuri anadai zaidi ya hapo: anasema kana kwamba kwa niaba ya watu wote, na anawatarajia wakubaliane naye. Lakini dai hilo haliwezi kuthibitishwa kwa hoja wala kwa wingi wa kura. Kant anaeleza kwamba mtu akisomewa shairi lisilomvutia, hata akitajiwa wahakiki mashuhuri na kanuni zao zote, ataziba masikio. Hatalazimika kuona uzuri asiouona. Wahenga wa Kiswahili wanasema kusikia si kuona, na ndivyo ilivyo hapa. Msomaji anaweza kuamini kwa kuambiwa kwamba Shaaban Robert aliandika Kusadikika. Hawezi kuambiwa tu kwamba Kusadikika ni nzuri, kisha akalisema hilo kama hukumu yake mwenyewe.

Kwa hiyo kupendekeza riwaya kunaonekana kubeba mgongano. Anayependekeza anadai kukubaliwa, ilhali hana cha kumlazimisha mwenzake akubali. Mgongano huo hulegea pale kazi ya sababu inapoeleweka vizuri. Katika sayansi sababu huthibitisha. Katika usomaji sababu huonyesha. Humwelekeza mwingine mahali pa kutazama, kisha humwachia atazame.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni mfano wa wazi. Ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, kisha ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vya kufundishia fasihi. Msomaji anayeiona chafu hutaja jinsi Rosa anavyotumbukia katika mahusiano na wanaume mmoja baada ya mwingine. Anayeitetea humrudisha mwenzake nyuma, pale Zakaria, baba wa Rosa, anapompiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya kijana, na kumwomba asome yanayofuata huku akiukumbuka ukurasa huo. Binti aliyezuiwa kwa hofu tupu, akishatoka machoni pa baba, hubaki bila uamuzi wake mwenyewe wa kumwongoza. Msomaji wa kwanza naye anaweza kujibu kwamba ukali wa mzazi haufuti wajibu wa Rosa mwenyewe, na akaonyesha mahali ambapo binti huyo angeweza kugeuka. Hakuna aliyemshinda mwenzake, lakini kila mmoja sasa anaona kurasa ambazo awali alizipita. Faida hiyo hata msomaji mmoja makini asingeipata peke yake.

Dini zimelijua suala hili la kupokezana vitabu kwa njia mbili tofauti. Katika elimu ya Kiislamu, kitabu hupita kutoka mkono hadi mkono kwa ijaza. Mwanafunzi hukisoma mbele ya mwalimu, na mwalimu humpa idhini ya kukifundisha, pamoja na isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliokipokea kabla yake. Wanazuoni wa Zanzibar kama Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir waliunganika kwa njia hiyo na walimu wa Hadhramaut. Hapo mamlaka ya anayetoa ndiyo dhamana ya kinachotolewa. Riwaya haina isnadi. Aliyeisoma jana hana idhini ya kuitafsiri kwa niaba ya atakayeisoma kesho.

Njia ya pili inaonekana katika Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Mwaka 386, katika bustani mjini Milano, Augustino alifungua nyaraka za Mtume Paulo na kusoma mistari michache kutoka Waraka kwa Warumi, ambayo ilikata mashaka yake. Alitia alama mahali pale, akafunga kitabu na kumweleza rafiki yake Alypius. Alypius aliomba aone, kisha akaendelea kusoma mbele ya pale mwenzake alipoishia. Mstari uliofuata, unaohusu kumpokea aliye dhaifu wa imani, akauchukua kuwa wake. Kitabu kilikuwa kimoja na saa ilikuwa moja, lakini kila mmoja alipata neno lake. Augustino hakumpa rafiki yake wongofu wake mwenyewe. Alimpa ukurasa uliofunguliwa.

Marcel Proust alitoa maelezo ya jambo hili katika insha yake kuhusu usomaji, aliyoiweka mwaka 1906 kuwa dibaji ya tafsiri yake ya kitabu cha John Ruskin. Ruskin alikuwa amefananisha usomaji na mazungumzo na watu wenye hekima. Proust alijibu kwamba msomaji hupokea fikra za mwingine huku akibaki peke yake, na akili yake inaendelea kufanya kazi kwa uhuru ambao mazungumzo huutawanya. Kitabu humfikisha mtu kwenye kizingiti cha maisha ya kiroho. Kuingia ni kazi yake mwenyewe. Tukikubali hoja hiyo, basi kazi ya anayependekeza ni kumfikisha mwenzake kwenye kitabu, kisha kumpisha.

Kutokana na hayo hupatikana adabu ya kupeana vitabu. Anayependekeza hana budi kukisoma kwanza, kwa kuwa sifa ya kusikia haina shahidi nyuma yake. Hutaja kilichomgusa na mahali kilipo, badala ya kumwaga sifa za jumla. Huchunga asichukue sehemu ya mwenzake: katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, anayetaja mapema mpelelezi Bwana Msa amegundua nini humnyima msomaji fursa ya kupeleleza mwenyewe. Pia humwangalia anayempa, umri wake na mambo anayopitia, kwa sababu kitabu kilichokataliwa mwaka huu huenda kikapendwa miaka mingi baadaye. Na jibu likirudi kinyume, hulisikiliza kama ushahidi mpya juu ya kitabu, wala halichukui kuwa dharau kwake.

Anayepewa naye ana wajibu wake: kusoma kwa haki kabla ya kuhukumu, na kurudi na sababu. Akisema tu kwamba kitabu hakikumpendeza, amejisemea mwenyewe, kama yule mnywaji divai wa Kant. Akionyesha ukurasa na kueleza alichokiona, ameingia katika hukumu ya pamoja, hata kama hukumu yake ni ya kukataa. Uzuri wa riwaya, basi, hauwezi kupokewa kwa kuambiwa. Neno la msomaji mwingine ni mwaliko wenye sababu, na hukamilika pale aliyealikwa anaposoma kwa macho yake na kujibu kwa kauli yake.